Ada zinapanda, na vijana wetu wa Pemba wanachaguliwa chuo kikuu hawaendi: tatizo liko wapi hasa?

KamatiElimu_Micheweni

Assalaam aleikum wanajukwaa.

Kamati ya elimu ya shehia yetu, wilaya ya Micheweni, inataka kuanzisha mfuko wa kuwasaidia vijana waliomaliza fomu siksi waingie chuo kikuu. Kila kikao maneno ni hayo kwa hayo: ada zimepanda, ndiyo maana watoto hawaendi. Lakini tukiyatazama majina, maelezo hayo hayatoshi. Wapo waliochaguliwa vyuo vya Tunguu na Chukwani, wengine Dodoma na Dar es Salaam, wakathibitisha nafasi zao kisha wasiripoti. Wapo walioripoti wakarudi nyumbani muhula wa kwanza haujamalizika. Na wapo wenye alama nzuri kabisa ambao hawakuomba popote.

Tuna maswali matatu. Kupanda kwa gharama kunapunguza kweli idadi ya wanaojiunga? Mfuko mdogo kama wetu uelekezwe kwenye ada, nauli, au kitu chengine? Na wazee wanaokataza watoto wasichukue mkopo kwa kuogopa riba waelezwe nini kilicho sahihi? Tunaomba majibu yenye hesabu ndani yake.

Mchumi_Vuga

Waaleikum salaam, ndugu zangu wa Micheweni. Nianze na swali la kwanza, maana likijibiwa vibaya mfuko mzima utakwenda pasipo.

Gharama zikipanda, idadi ya wanaojiunga inaweza kushuka, kubaki pale pale, au hata kupanda. Inategemea mambo mawili: pesa inadaiwa lini, na nafasi zipo ngapi. Tazameni Uingereza. Mwaka 2012 kiwango cha juu cha ada kilipanda kutoka pauni 3,375 hadi pauni 9,000 kwa mwaka. Waliotegemea kuona vijana wa miaka 18 wakikimbia vyuo hawakuyaona hayo: walipungua kidogo mwaka ule, kisha wakaendelea kuongezeka. Sababu ni kwamba kijana wa kule hatoi hata senti siku ya kuingia. Ada inalipwa kwa mkopo, na marejesho yalipangwa kuwa asilimia 9 ya kipato kinachozidi pauni 21,000 kwa mwaka. Walioanguka ni wanafunzi wa muda, watu wazima wenye kazi na familia. Hao walipungua kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka michache, na wengi wao hawakuwa na sifa ya kupata mkopo huo. Ada ilipanda kwa wote, lakini iliwaumiza waliotakiwa kutoa pesa mkononi.

Uganda nayo ina somo lake. Chuo Kikuu cha Makerere kilipoanza kupokea wanafunzi wa kujilipia miaka ya mwanzo ya 1990, idadi iliongezeka sana. Kilichokuwa kikiwazuia watu wengi kabla ya hapo ni uhaba wa nafasi, na wenye uwezo wa kulipa walikuwepo wakisubiri mlango ufunguliwe. Kwa hivyo jumla kubwa inaweza kupanda huku watoto wa wakulima na wavuvi wakizidi kuwa wachache ndani yake. Msiridhike mkiambiwa "udahili umeongezeka". Ulizeni umeongezeka kwa nani.

Kwa Pemba, gharama mara nyingi zinafanya kazi kimyakimya: zinamhamisha mtu. Aliyetaka uhandisi Bara anachukua ualimu Unguja. Aliyetaka shahada anachukua stashahada. Mwengine anasema "nitaenda mwakani", na mwakani anakuwa ameshaanza biashara ya samaki au ameolewa. Katika takwimu hakuna aliyekataa chuo, wote wanaonekana wamechagua wenyewe.

Jambo la mwisho kwangu, na naliona ndilo kubwa: kutokujua kunazuia watu kuliko bei yenyewe. Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kiliwahi kuwapelekea barua wanafunzi wa skuli wenye alama nzuri kutoka familia za kipato cha chini, ikiwaahidi wakikubaliwa watasoma bila ada. Wengi wao wangepata msaada kama huo hata bila ya barua. Waliopata barua, asilimia 68 waliomba nafasi. Wasiopata, asilimia 26 tu. Walioingia chuoni hapo walikuwa asilimia 27 kwa 12. Gharama halisi haikubadilika kwa wengi wao, kilichobadilika ni kwamba walijua mapema na kwa uhakika. Sababu ya wale wenu wenye alama nzuri kutokuomba popote itafuteni hapa.

Kwa hivyo kabla ya kuchanga hata shilingi moja, chukueni daftari muandike, kwa miaka mitatu iliyopita, waliofaulu kwa sifa ya chuo kikuu ni wangapi, walioomba, waliochaguliwa, waliothibitisha, walioripoti, waliosajiliwa, waliofika mwaka wa pili. Sifa ya chini kwa anayetoka fomu siksi ni ufaulu wa masomo mawili makuu (prinsipo) yenye jumla ya pointi 4.0 (A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1), ingawa programu nyingi zinataka zaidi ya hapo. Tundu liko pale ambapo idadi inaanguka kwa ghafla, na pesa zenu ziende hapo.

Bi_Dawati_Tunguu

Maalim Mchumi amesema la msingi. Mimi niingie kwenye makaratasi, kwani aliyethibitisha nafasi akakosa kuripoti mara nyingi amekwamia huko.

Kuna bodi mbili. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Muungano (HESLB), iliyoundwa kwa sheria ya 2004, na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Mzanzibari anaweza kuomba kwa njia zote mbili kwa kufuata mwongozo wa kila bodi, lakini asitegemee kulipiwa gharama ile ile mara mbili. Kila bodi ina mwongozo wake wa mwaka. Usomeni wa mwaka huu, msisome wa kaka yake mtu wa mwaka juzi.

Kosa linaloharibu maombi kuliko yote ni jina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, cheti cha fomu foo kinasema Hamis, kitambulisho cha Mzanzibari kina jina la babu ambalo cheti hakina. Mfumo wa HESLB unamtambua mwombaji kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, kwa hivyo jina lililoko kwenye cheti hicho ndilo linalotawala. Mwenye tofauti aende akaape mapema na kupata hati ya kiapo, au asahihishe cheti cha kuzaliwa. Shughuli hiyo inafaa ianze anapoingia fomu siksi. Akingoja matokeo ya Julai, atakuwa foleni moja na kisiwa kizima.

La pili ni uhakiki wa vyeti. Aliyezaliwa Zanzibar, cheti chake kinahakikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Aliyezaliwa Bara, kwa mfano Tanga wakati mama amekwenda kwao, anahakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa Bara. Wapo wanaopeleka cheti ofisi isiyokihusu na kujua baada ya dirisha kufungwa. Yatima ndio wanaoumia zaidi: baba amefariki zamani, amezikwa kijijini siku ile ile, na cheti cha kifo hakikukatwa. Bila cheti hicho, mfumo haumtambui kuwa yatima, na uyatima ni moja ya vigezo vinavyoongeza uzito wa maombi. Kamati yenu ina uwezo hapa, maana sheha anawajua wote. Kateni vyeti hivyo sasa. Vile vile kaya iliyomo kwenye mpango wa TASAF, wa kusaidia kaya maskini, iandike namba yake kwenye fomu kwa usahihi. Mwenye ulemavu ajaziwe uthibitisho na daktari. Na aliyesomeshwa skuli ya binafsi na mfadhili aambatanishe barua ya mfadhili huyo, la sivyo ataonekana familia yake ina uwezo.

La tatu, namba ya mtihani aliyoombea chuo iwe ile ile aliyoombea mkopo. Aliyerudia mtihani ana namba zaidi ya moja. Akitumia moja huku na nyengine kule, taarifa zake hazikutani na mkopo hauji, hata kama kila kitu chengine kiko sawa.

Fomu ikishajazwa mtandaoni (ada ya maombi HESLB imekuwa shilingi 30,000, inalipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo), inachapishwa, inasainiwa na mwombaji, mdhamini, sheha, na kamishna wa viapo au hakimu, kisha kurasa za saini zinapandishwa tena kwenye mfumo. Zikaguliwe kwa jicho: muhuri unasomeka? Picha ya mdhamini imo? Ukurasa haukukatwa pembeni na simu? Kurasa zilizopigwa picha gizani zinasababisha maombi kuhesabiwa hayajakamilika.

Sasa pengo lenyewe. Majina ya waliopata mkopo hutoka kwa awamu, na baadhi hutoka chuo kimeshafunguliwa. Pesa ya kujikimu, yaani bumu, haiingii kwenye akaunti mpaka chuo kithibitishe kwamba mwanafunzi amesajiliwa na mwenyewe asaini. Usajili nao una gharama zake ambazo mara nyingi mkopo hauzigusi mwanzoni: ada ya udhibiti ubora ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) shilingi 20,000 kwa mwaka, bima ya afya, kitambulisho, michango ya serikali ya wanafunzi, na pengine sehemu ya ada. Ongezeni nauli ya boti kutoka Mkoani au Wete, kodi ya chumba ambayo mwenye nyumba hutaka ya miezi kadhaa kwa mkupuo, godoro, na chakula cha wiki hizo za kusubiri. Mwanafunzi anahitaji pesa ili asajiliwe, na anahitaji kusajiliwa ili apate pesa. Mtoto wa Micheweni anazama hapo, hata yule ambaye jina lake limo kwenye orodha ya mkopo.

Ushauri wa haraka: mara tu anapopata barua ya kujiunga, aiandikie ofisi ya usajili ya chuo kuuliza kama mnufaika wa mkopo anaruhusiwa kusajiliwa kwa kulipa gharama ndogo ndogo pekee, na kama ada inalipika kwa awamu. Vyuo vingi vina utaratibu huo lakini hauandikwi kwa herufi kubwa. Jibu lije kwa maandishi. Aombe pia nafasi ya dakhalia, yaani bweni la chuo, siku hiyo hiyo, kabla hazijajaa.

Ustadh_Chake

Kuhusu riba, nitasema yanayojulikana, na hukumu wabaki nayo masheikh.

Zamani mkopo wa HESLB ulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha, na tozo hiyo ndiyo iliyowatisha wazee wengi kwa haki kabisa, kwani deni lilikua kila mwaka. Ilifutwa mwaka 2021, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kulipa. Wazee wengi bado wanazungumzia mkopo wa zamani. Marejesho ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa aliyeajiriwa, na kuna kipindi cha miezi 24 baada ya kumaliza kabla ya kudaiwa. Kama mkataba una ada ya uendeshaji, usomeni mstari kwa mstari, mpeleke kwa sheikh mnayemuamini mukiwa na karatasi mkononi. Asiulizwe kwa kusimuliwa.

Msiudharau woga huu. Uingereza, nchi yenye mikopo iliyopangika kuliko yetu, Waislamu walilalamikia jambo hili hili, na mwaka 2017 bunge lao lilipitisha sheria inayoruhusu njia mbadala isiyo na riba. Mzee wa Konde anayeuliza swali hili anauliza swali zito.

Mhasibu_Wete

Swali la pili, mfuko uende wapi. Nitatumia namba za mfano, mzibadilishe kwa zenu.

Tuseme mna shilingi milioni tatu, na chuo kinatoza ada ya milioni moja na nusu. Mkilipa ada, mmesomesha watoto wawili mwaka mmoja, na mfuko umekwisha. Mwaka wa pili watoto hao hao wanarudi kwenu, na wapya wako mlangoni. Nimeona kamati nyingi zinaanza hivi na kufa kwa njia hii.

Mkilitumia fungu hilo kuziba pengo alilolieleza Bi Dawati, mnaweza kuwakopesha watoto kumi shilingi 300,000 kila mmoja, bila riba, kwa wiki za mwanzo. Kiwango cha HESLB cha chakula na malazi kimekuwa shilingi 10,000 kwa siku, na aliyepangiwa kiwango kizima hupata kama 600,000 kwa siku 60. Arejeshe 150,000 kwenye bumu la kwanza na 150,000 kwenye la pili. Msimnyang'anye lote la kwanza, atarudi nyumbani kwa njaa na deni lenu lisilipwe. Wakirejesha wanane kati ya kumi, mfuko unaanza mwaka unaofuata na 2,400,000, na mchango mdogo wa msimu wa karafuu unaziba iliyobaki.

Karafuu lakini ina mwaka wa neema na mwaka mtupu. Mwaka wa neema wekeni akiba ya kutosha miaka miwili, kwani mwaka mtupu ndio watoto wengi watakaohitaji, na ndio wanachama watakaoshindwa kuchanga. Mfuko unaotegemea mchango wa mwaka ule ule unakauka wakati mbaya kabisa.

Namna ya kutoa pesa ni muhimu kuliko kiasi. Gharama za usajili zilipwe na kamati moja kwa moja kwa kumbukumbu namba ya malipo ya chuo, risiti ibaki kwenye faili. Nauli na chakula vipelekwe kwa simu kwa mafungu mawili: la kwanza siku ya kusafiri, la pili akituma uthibitisho wa usajili. Pesa ziwe tayari mara matokeo ya udahili yanapotoka. Zikitoka wiki mbili baada ya chuo kufunguliwa, mtoto ameshakata tamaa. Mkataba uwe ukurasa mmoja, usainiwe na mzazi na shahidi mmoja asiye mjumbe wa kamati. Na jina la mtoto wa mjumbe likiwa kwenye orodha, mjumbe huyo atoke kikaoni wakati linapojadiliwa. Mifuko ya shehia inavunjwa na dhana ya upendeleo mapema kuliko inavyovunjwa na wasiolipa.

Asiyepata mkopo kabisa ni suala jengine. Huyo 300,000 zitampeleka Unguja na kumuacha huko. Kabla ya kumpa, kaeni na familia muandike mwaka mzima: ada, chumba, chakula kwa siku, daladala ya kwenda na kurudi, boti mara mbili kwa mwaka, machapisho. Jumla ikizidi kinachopatikana, mumwambie ukweli kabla hajapanda boti, na mutafute njia nyengine.

KamatiElimu_Micheweni

Allah awalipe kheri. Mumetufungua macho, hasa lile la vyeti vya vifo. Mawili yamebaki. Asiyepata mkopo, hiyo njia nyengine ni ipi? Na yule aliyethibitisha mwaka jana akakosa kuripoti, amepoteza kila kitu?

Bi_Dawati_Tunguu

Kwa asiyepata mkopo, kwanza akate rufaa. Dirisha la rufaa hufunguliwa baada ya awamu za upangaji, na wengi hawalitumii. Rufaa yenye kielelezo kipya, kama cheti cha kifo kilichopatikana baadaye au namba ya TASAF iliyosahaulika, ina uzito. Barua ya kusema "sisi ni maskini" bila karatasi haina.

Pili, atazame karibu na nyumbani. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) kina kampasi ya Benjamin Mkapa hapo Mchangamdogo. Kama moja ya programu zake inamfaa, anaepuka boti na kodi ya chumba, na hizo ndizo gharama zinazomrudisha mtu nyumbani zaidi ya ada. Chuo Kikuu Huria nacho kinamruhusu kusoma huku anafanya kazi, ila kinataka nidhamu kubwa ya kujisomea, na asiye na tabia hiyo hukaa miaka mingi bila kumaliza. Stashahada pia ni njia nzuri, kwa sharti moja: kabla ya kujiunga ahakikishe ithibati ya kozi kwa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, na aulize kama itamruhusu kuingia shahada anayoitaka baadaye.

Aliyethibitisha akakosa kuripoti hajafungiwa, lakini nafasi ile imekwenda. Kuahirisha mwaka kunawezekana kwa aliyekwisha kusajiliwa tu. Yeye aombe upya katika mzunguko mpya wa udahili, chuo kile kile au chengine, na aombe mkopo upya pia, kwani maombi ya mwaka jana hayabebwi. Aangalie masharti ya HESLB ya muda: mwongozo umekuwa ukitaka mwombaji awe amemaliza fomu siksi au stashahada ndani ya miaka mitano, na umri usizidi miaka 35. Kwa hivyo aliyemaliza miaka minne iliyopita awe wa kwanza kwenye orodha yenu mwaka huu.

Na kitu kimoja ambacho hakigharimu kamati zaidi ya chai. Marekani walifanya jaribio la kuzisaidia familia kujaza fomu ya msaada wa masomo hapo hapo zilipokwenda kutayarishiwa kodi. Vijana waliofikisha miaka miwili chuoni walikuwa kama asilimia 36 katika kundi lililosaidiwa, na 28 katika lisilosaidiwa. Chukueni Jumamosi mbili wakati dirisha likiwa wazi, muwe na chumba cha skuli chenye umeme, kompyuta mbili, skana moja, na mwalimu anayejua mfumo. Sheha awepo na muhuri wake, na kamishna wa viapo aalikwe aje kwenu, badala ya watoto thelathini kumfuata Chake Chake mmoja mmoja. Kila mtoto asitoke mpaka aonyeshe kwenye skrini kwamba maombi yamekamilika.